Mpaka wa 1891 na Meza ya Bwana

Mhadhara kwa Wakristo wa madhehebu mbalimbali, Uyole, Mbeya

 

Hapa wapo Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, ndugu wa TAG na wa EAGT, Wasabato, na wengine ambao makanisa yao bado yanasali kwenye madarasa ya shule. Wengi wenu mmekuja kwa miguu, maana mnakaa mtaa mmoja.

Nimeombwa niseme juu ya umoja wa Wakristo. Sura ya 17 ya Yohana mnaijua, na mmeshaihubiri kuliko mimi. Tunajua Bwana aliombea nini usiku ule kabla ya kukamatwa. Leo nataka kufanya kazi nyingine: kuuliza sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuligawanyikaje, na katika migawanyiko yetu ipi ni ya imani na ipi ni ya viti, yaani ya vyeo na mali. Naamini tumezichanganya aina hizi mbili kwa muda mrefu. Ya imani inahitaji mazungumzo, tena ya uvumilivu. Ya viti inahitaji toba. Tukiipeleka ya viti kwenye mazungumzo tunaivisha heshima isiyostahili, na tukiidharau ya imani tunawadharau watu wanaoamini kwa dhati.

Nianze na mahali tulipo. Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara ya TANZAM akifika Uyole ana njia mbili. Anaweza kunyoosha aingie mjini, apite Mbalizi, afike Tunduma na Zambia. Au akate kushoto, apande Isyonje, ashuke Tukuyu na Kyela hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Injili ya Kiprotestanti iliyofika kwetu ilipanda kwa njia hiyo ya pili.

Mwaka 1891 misheni mbili kutoka Ujerumani zilifika Unyakyusa kwa kupitia Ziwa Nyasa. Wamoravian wa Herrnhut walijenga Rungwe, chini ya mlima wenyewe. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walishika upande mwingine, wakafika Manow na Mwakaleli, na baadaye wakapanda hadi Ubena na Uhehe. Wote walikuwa Wajerumani, wote Waprotestanti, wote wamelelewa kwenye Biblia ya Luther. Ili wasigongane walikubaliana mpaka: Wamoravian wafanye kazi magharibi, Waberlin mashariki.

Siwalaumu. Kwa siku zile ilikuwa busara, maana bila mpaka wangegombania machifu na vijiji mbele ya watu ambao ndiyo kwanza wanalisikia jina la Yesu. Lakini tazameni ulichozaa. Mtoto wa Mnyakyusa aliyezaliwa upande huu akawa Mmoravian, binamu yake wa upande ule akawa Mlutheri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa chini akapima mafundisho ya pande mbili ndipo akachagua. Maungamo ya Augsburg ya mwaka 1530, ambayo ndiyo msingi wa Walutheri, Wamoravian nao wanayahesabu miongoni mwa maungamo wanayoyaheshimu. Kwa hiyo kwa Mlutheri na Mmoravian wa hapa kwetu, kilichotugawa kwanza ni ramani. Mafundisho yalikuja baadaye kuutetea mpaka ambao ulikuwa umeshachorwa.

Kwa Wakatoliki ni habari tofauti. Wabenediktini walifungua Tosamaganga, karibu na Iringa, mwaka 1897, Mkwawa akiwa bado yuko msituni anapigana. Baada ya vita ya kwanza ya dunia walikuja Wamisionari wa Consolata, mwaka 1919. Huku Mbeya, Mapadre Weupe waliingia wakitokea Ufipa. Hapakuwa na makubaliano ya mpaka kati ya Mkatoliki na Mprotestanti. Palikuwa na mashindano ya vijiji na ya shule, na mashindano hayo yalibeba ugomvi halisi wa Ulaya wa tangu karne ya 16. Ule ulikuwa mgawanyiko wa imani, na wazee wetu waliupokea kama walivyopokea kaniki na katekisimu, vyote kwa pamoja.

Kipo kipindi kimoja ambacho natamani kila mwanafunzi wa uchungaji wa mkoa huu angekisoma. Vita ya kwanza ilipofika huku, mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Rungwe ikabaki bila Wamoravian wa Ulaya, na Manow bila Waberlin. Waliobaki ni walimu na wainjilisti Waafrika, na ndio walioshika ibada, shule na wagonjwa. Kisha Waskoti wa Livingstonia, Wapresbiteri wa ng'ambo ya mto Songwe, wakaja kuwasaidia. Misheni moja ya Kipresbiteri ikatunza makanisa ya Wamoravian na ya Waberlin kwa pamoja, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Fikirini maana yake. Kwa miaka kadhaa, upande huu wa mpaka na upande ule, mchungaji alikuwa mmoja. Watu walibatizwa, walifundishwa, walizikwa. Dunia haikuanguka. Wamisionari waliporudi, kila mmoja alirudi kwenye fungu lake, na mpaka wa 1891 ukarudi pamoja nao. Kati ya nafasi zote tulizowahi kuzipoteza, hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu umoja ule ulikuwa umeshaanza kuishi, na waliouishi ni babu zetu wenyewe.

Sitakaa sana kwenye yaliyofuata. Kutoka Nyasaland yakaja makanisa ya Waafrika, likiwemo African National Church, yaliyowapokea wanaume wenye wake wengi ambao misheni ziliwafungia mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaanza hapa Mbeya kazi ya Assemblies of God, ambayo leo ni TAG, na kutoka kwake ikazaliwa EAGT chini ya Askofu Moses Kulola. Baada ya hapo matawi yamezaa matawi. Ukishuka kwenye daladala kituo chochote kati ya Uyole na Mafiati utasoma mbao za makanisa matatu kabla hujavuka barabara.

Sasa turudi kwenye zile njia. Ukishuka Kasumulu unaingia Malawi, kwenye kanisa la CCAP, lililoanzishwa mwaka 1924 pale Wapresbiteri wa Livingstonia na wa Blantyre walipoungana, na miaka miwili baadaye Nkhoma ikaingia. Ukipita Tunduma unakuta United Church of Zambia, iliyozaliwa Januari 1965 huko Mindolo, Kitwe, ambapo Wamethodisti, kanisa la Barotseland na makanisa yaliyotokana na misheni za Waskoti na za London yalikubali kuwa kanisa moja. Baba yake Kenneth Kaunda alikuwa mmoja wa waliopanda mbegu ile: mtu wa Nyasaland aliyetumwa na Livingstonia kwenda kuhubiri kwa Wabemba. Na sisi wenyewe mwaka 1963 tuliona makanisa saba ya Kilutheri, mojawapo likiwa la Ubena-Konde, yakiungana kuwa KKKT. Watu waliokuwa chini ya misheni za Berlin, Leipzig, Betheli na Marekani wakakubali kuwa chini ya katiba moja.

Kwa hiyo asituambie mtu kwamba Waafrika hawawezi kuungana. Wamefanya hivyo kila upande wa njia panda hii.

Yalijaribiwa pia makubwa zaidi. Miaka ya 1960 Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki walikaa wakazungumza juu ya kuwa kanisa moja. Walifika mbali kiasi cha kuandaa liturujia ya pamoja. Kisha mazungumzo yakafifia. Waanglikana walisisitiza uaskofu wa mfululizo tangu mitume, Walutheri waliogopa kupoteza maungamo yao, na nchi nazo zilikuwa changa, kila kanisa likishughulika kuwakabidhi Waafrika uongozi. Sababu zile zilikuwa za kweli, na waliozitetea walikuwa watu wa imani. Swali langu ni kwa nini sisi watoto wao hatujayafungua tena mafaili yale.

Wala muungano si dawa ya kila ugonjwa. Ndani ya CCAP yenyewe, sinodi ya Livingstonia na ya Nkhoma zimegombana kwa miaka mingi juu ya mpaka wa nani afungue usharika wapi. Kanisa likiwa moja kwa jina, viti bado vinaweza kulipasua.

Hapo niguse jambo linalouma, na nitaligusa kwa heshima. Dayosisi ya Konde ya KKKT kwa miaka mingi ilikuwa na makao makuu Tukuyu. Suala la kuyahamishia jijini Mbeya lilizua mgogoro ambao mwaka 2022 ulifikia uongozi wa dayosisi kubadilishwa, na baadhi ya waumini wakatoka. Sikuja kupima nani alikuwa na haki. Wapo humu walioumia, wa pande zote mbili. Nauliza jambo moja tu: katika mgogoro ule, ni kipengele gani cha Imani ya Mitume kilichokuwa kinabishaniwa? Hakuna. Waliotoka na waliobaki wanaungama maneno yaleyale kila Jumapili. Na wenzetu wa madhehebu mengine wasikae wakatikisa vichwa, kwa maana hakuna dhehebu kubwa katika nchi hii lisilo na habari yake ya ofisi iliyofungwa kwa kufuli, ya kiwanja chenye hati mbili, ya baraza la wazee lililogawanyika kwa sababu ya mnada wa mavuno.

Migogoro hii ina kawaida ya kutafuta andiko. Wiki ya kwanza inaitwa suala la katiba. Mwezi wa tatu inaitwa suala la kweli ya Injili. Kufikia mwaka mmoja pana kanisa jipya, na watoto wanaozaliwa humo wanafundishwa kwamba lile la zamani lilipotoka. Ndivyo mgawanyiko wa viti unavyogeuka kuwa wa imani kwa kizazi cha pili, na ndiyo sababu nasema utubiwe mapema, waliogombana wakiwa bado wanakumbuka waligombania nini.

Wamoravian wana kumbukumbu inayofaa hapa. Kila tarehe 13 Agosti wanakumbuka mwaka 1727. Wakimbizi waliopewa hifadhi na mwenye ardhi, Zinzendorf, huko Herrnhut walikuwa wamegombana hadi jumuiya inakaribia kuvunjika. Zinzendorf alizunguka nyumba kwa nyumba akiongea nao. Tarehe 12 Mei wakakubaliana masharti ya kuishi pamoja kama ndugu. Tarehe 13 Agosti wakaenda kanisa la Berthelsdorf, wakashiriki Chakula cha Bwana, na hapo wakapatana kweli. Jambo ambalo sisikii likisemwa mara nyingi kwenye sikukuu hiyo ni kwamba Berthelsdorf lilikuwa kanisa la usharika wa Kilutheri. Wamoravian walizaliwa upya kwenye meza ya Walutheri.

Na meza ndiyo shida yetu. Tazameni mahali ambapo tayari tuko pamoja. Biblia tunayoisoma, ile ya mwaka 1952, ilitokana na uamuzi wa kuacha tafsiri mbili, ya Unguja na ya Mombasa, ili Wakristo wa Kiswahili wawe na moja. Miaka ya 1990 ikaja Habari Njema, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti wakikaa pamoja. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) waliunda tume ya CSSC kwa ajili ya hospitali na shule, wakatia saini makubaliano na serikali. Mwaka 2015 viongozi wa Kikatoliki, wa CCT na wa Kipentekoste walitoa tamko la pamoja kuhusu Katiba Inayopendekezwa. Mbele ya serikali tunajua kusimama pamoja. Mbele ya mfadhili tunajua. Tukigeuka kuelekea madhabahu, kila mtu anarudi kwake.

Nendeni kwenye msiba wowote hapa Uyole, Igawilo au Nsalaga. Siku ya kwanza hutajua nani ni wa wapi. Mama wa Kimoravian anamenya ndizi na mama Mkatoliki wa WAWATA, vijana wa Kipentekoste wanapasua kuni na kufunga turubai, daftari la rambirambi linapita kwa wote. Usiku kwaya zinapokezana, na ukianzishwa wimbo wa Tenzi za Rohoni hakuna anayehitaji kitabu. Kisha inafika saa ya kupanga ratiba ya mazishi, na wanaume wanne wanatoka kwenda nyuma ya nyumba. Marehemu alibatizwa Moravian, akaolewa kwa Walutheri, miaka yake ya mwisho alikuwa akisali na mwanawe aliyeokoka. Nani aongoze? Mmoja anasema jina lake limo kwenye daftari la usharika ila ahadi hajatoa miaka mitatu. Mwingine anasema alikuwa wao kabisa, ila hakuwahi kuzama maji mengi. Jeneza liko sebuleni. Wajukuu wamekaa ukutani wanasikiliza kila neno, maana dirisha liko wazi.

Yale wajukuu wanayoyasikia pale dirishani ndiyo mafundisho yetu juu ya Kanisa. Kisha tunawapeleka sekondari. Mabinti wawili wanalala dabo deka moja, wanachangia ndoo ya maji na sabuni, na Jumapili asubuhi mmoja anaingia darasa la UKWATA la Waprotestanti, mwingine la CASFETA la Wapentekoste, na rafiki yao wa tatu la TYCS la Wakatoliki. Vyama hivyo vimewalea vijana wengi vizuri, navishukuru. Nasikitika tu kwamba katika mihula yote ile hakuna siku ambayo watatu hao wanasali wakiwa pamoja.

Baadhi ya kuta hizi ni za imani, nami sitazibomoa kwa hotuba. Mkatoliki na Mlutheri bado hawashiriki Ekaristi moja, na sababu zinahusu daraja ya upadre na kinachotendeka altareni. Lakini wamesogea. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, jambo lilelile lililowatenga siku za Luther. Mwaka 2016 Papa Fransisko alisali na viongozi wa Walutheri wa dunia huko Lund, Sweden. Ubatizo wa mmoja unatambuliwa na mwingine. Ni wangapi kati yetu waliofundisha hayo kwenye mafundisho ya kipaimara? Kijana wa Kilutheri anayetaka kumwoa binti Mkatoliki hapa Mbeya bado anaambiwa na shangazi yake kwamba atabatizwa upya, na hakuna mchungaji aliyemsahihisha shangazi.

Na upo wakati ambapo mgawanyiko wa meza wenyewe unakuwa uasi. Mwaka 1977 Walutheri wa dunia walikutana Dar es Salaam, mkutano uliomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza. Mkutano ule ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni suala la ungamo la imani, na kwamba makanisa yanapaswa kuukataa waziwazi. Waliokutana kwenye ardhi yetu walijua kutofautisha lipi linaweza kuvumiliwa na lipi linaukana mwili wa Kristo. Natamani tuwe na ukali huohuo kwa makufuli ya ofisi zetu.

Kwa ndugu wa Kipentekoste ugumu uko kwenye ubatizo. Ninyi mnaamini anayebatizwa lazima awe ameamini kwanza, na azamishwe. Mnapombatiza aliyebatizwa akiwa mtoto, kwenu huo ni ubatizo wa kwanza. Kwa mama yake aliyempeleka kanisani akiwa mchanga, mmefuta machozi na sala zake zote. Sitawaambia muache mnachokiamini. Naomba mkae na wachungaji wa pale mlipomtoa mtu huyo kabla ya kumpeleka mtoni, na wao waache kuwaita wezi wa kondoo kabla ya kujiuliza kondoo alikuwa anakula nini.

Namalizia na ombi ambalo halihitaji ruhusa ya Roma, ya Herrnhut wala ya makao makuu ya KKKT Arusha. Kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari Wakristo duniani huwa na wiki ya kuombea umoja, iliyoanza mwaka 1908. Kwetu hupita katikati ya mvua, watu wakipalilia viazi. Wiki hiyo, mwaka ujao, wazee wa sharika na parokia za kata moja wakutane jioni moja, kila mmoja na daftari lake la ubatizo. Watafute majina yaliyoandikwa mara mbili. Kwa kila jina wajiulize mtu huyo alihama kwa sababu ya imani, au alikwazwa, au alitafutwa na aliyehitaji waumini wa kujaza viti. Kisha wakubaliane, kwa maandishi, mambo mawili: hakuna atakayempokea muumini wa jirani bila kuongea kwanza na mchungaji wake, na ukizuka mgogoro wa mali au uongozi ndani ya kanisa moja, wazee wa kanisa jirani waitwe kusuluhisha kabla mtu hajaenda polisi au mahakamani.

Maswali nayakaribisha. Ningependa tuanze na ndugu wa Kipentekoste, maana nimesema juu ya ubatizo wao wakiwa hawajapata nafasi ya kujibu.